Nyumba Iliyojengwa kwa Maonyesho

Mwezi uliopita nilikwenda Sikuda kumzika Mama Wandera, na waombolezaji wakanipa kiti cha mbele. Sikukiomba. Kijana aliyeshika maiki akaniinamia akasema, "Madam, wewe na marehemu mlifanya kazi hapa shuleni zamani, sema hata maneno mbili." Nikamwambia koo linaniuma. Koo langu lilikuwa zima kabisa. Nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi na kula nyama ya msiba, na ningeweza kuhutubia mpaka wakanisikia Tororo. Lakini ningesema nini? Waliosimama kabla yangu walisema marehemu alikuwa mama wa watu wote, mpenda elimu, rafiki wa walimu. Niliwasikiliza nimekunja mikono. Mimi na yule mwanamke tulichukiana, tena kwa bidii, na kifo chake hakijanipunguzia hata kidogo. Nilitazama jeneza likishuka nikangoja moyo ulainike, haukulainika. Basi yale niliyoyanyima maiki nayaandika hapa, kwa utulivu, mahali ambapo hakuna mtu wa kunikatiza kwa pambio.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza wa kazi yangu. Nilitoka chuo cha ualimu moja kwa moja, msichana wa Tororo, mji wa kiwanda cha simenti, Mpadhola, nikapelekwa kufundisha darasa la pili katika shule ya msingi huko Sikuda, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, ambako wazazi wengi walikuwa Wasamia na Wateso na ambako Mpadhola alionekana mgeni hata kama kwao ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Nilipanga chumba nyuma ya duka la mafuta ya taa. Mkate wangu ulinuka mafuta ya taa, blanketi langu lilinuka mafuta ya taa, na nadhani mimi mwenyewe nilinuka, kwa sababu watoto walikuwa wakinisogelea halafu wanarudi nyuma. Darasa lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati, ukuta na paa. Jua likipanda watoto walilala juu ya madawati, mvua ikinyesha nilinyamaza nikaandika ubaoni maana hakuna aliyenisikia. Nyuma ya kibanda hicho kulikuwa na uwanja mtupu, na pembeni ya uwanja tanuru la matofali yaliyokwisha kuchomwa. Hapo ndipo lingejengwa darasa letu la kweli. Ardhi aliitoa Mzee Egesa, miaka mingi kabla sijafika, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Karatasi haikuwapo, na kwa kuwa Mzee Egesa alikuwa hai na neno lake linajulikana, hakuna aliyeona haja ya karatasi.

Mzee Egesa alikuwa mume wa Mama Wandera. Mama Wandera alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na kwa hiyo jiko la shule lilikuwa lake, stoo ilikuwa yake, na kwa kadiri nilivyoona hata mwalimu mkuu alikuwa wake. Siku yangu ya kwanza jikoni alinitazama kuanzia miguuni. "Madam amekuja na viatu ya harusi," aliwaambia wenzake, "labda tumuitie bwana harusi." Wakacheka. Halafu akapakua ugali wa muhogo kwa walimu wote, mimi wa mwisho, na mchuzi alionipa ulikuwa maji yaliyopita karibu na samaki. Nilimwuliza kama samaki wameisha. "Kwenu Tororo mnakula vumbi ya simenti mnashiba," akasema, "hapa unalalamika?" Nilikula. Nilimwambia chakula kina chumvi nyingi, ingawa hakikuwa na chumvi. Tulianza hivyo, na sikumbuki juma lililopita bila mmoja wetu kumtia mwenzake kidole jichoni.

Muhula wa pili mwalimu mkuu, Bwana Emojong, mtu mpole aliyeogopa kelele kuliko umaskini, alitangaza kwamba shule itakuwa na Siku ya Mila na Historia. Wakubwa wa elimu wangekuja, wazazi wangejitolea, watoto wangejifunza walikotoka. Kazi ya kuiandaa akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nisingeweza kukataa. Mkutano wa kwanza wa wazazi tulioufanya ndani ya kibanda changu ulikuwa vita. Wateso walisema ngoma yao ndiyo ifungue, kwa sababu wageni wakichoka hawaoni tena kitu. Wasamia wakasema ardhi ni ya Wasamia, kwa hiyo wao ndio wenye kufungua. Baba mmoja Mpadhola akasimama akasema sisi tunapewa kufagia tu, akaketi kabla hajajibiwa. Wakagombana juu ya nani atapika uji wa mtama, nani atasaga, jiwe la kusagia la nani, hata jinsi ya kukaa mtu anaposaga. Mama mmoja Mteso akamwambia mwenzake, "Nyinyi hamna mila, nyinyi mna makelele." Nilipiga meza, hakuna aliyenitazama. Mama Wandera aliwaacha wachoke. Kisha akasimama, akafunga leso upya kiunoni, akasema tunapoteza wakati.

"Mimi nawaambia kitu moja," alisema. "Watoto wa siku hizi hawajui boma inaanzaje. Tujenge nyumba. Nyumba ya nyasi, ya kweli, hapo nyuma. Halafu siku ya wageni tuonyeshe kijana anatoka kwa baba yake anaanza boma yake. Baba na shoka mbele, kijana na jogoo, mke na moto. Hiyo Wasamia wako nayo, Wapadhola wako nayo. Nani atakataa?" Hakuna aliyekataa. Kwetu pia ndivyo boma huanza: baba humtangulia mwanawe hadi mahali papya, shoka mkononi, mwana anafuata na jogoo, mkewe anabeba kaa la moto katika kigae, na baada ya hapo mahali pale ni pa kijana yule, na hata baba mwenyewe hawezi kumwondoa. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote tuliyosikia siku ile, na mimi, kwa uchungu kabisa, nilimpigia makofi. Akasema mwanawe Wandera na mkewe wataigiza kijana na mke, na Mzee Egesa ataigiza baba, maana wamezoeana. Watu wakacheka, mkutano ukaisha.

Ujenzi ulianza, na lazima niseme kwamba wazazi walijitolea kama sikuwahi kuona. Wanaume walileta miti, wanawake wakakanyaga udongo huku wakisengenyana, na kila mmoja aliona kazi ya mwenzake mbovu. Fundi mmoja alibomoa ukuta mzima uliojengwa na mwingine kwa sababu fito zilifungwa, alivyosema, na mtu anayefunga kuni. Wandera alifanya kazi kuliko wote. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, ameoa mwaka ule, na alikuwa bado analala na mkewe Nafula katika kibanda kidogo ndani ya boma la baba yake, kwa sababu kaka zake wa mama mwingine walikuwa wameshagawana mashamba yote. Hakuwahi kunisema vibaya. Alikuja kabla ya kengele na kuondoka giza likiingia, na Nafula alipaka sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, akaiacha ikauka, akaipaka tena, akairembesha kwa vidole. Siku moja niliingia nikakuta amejenga ukutani rafu ya udongo ya kuwekea vyungu. Nilisimama nikaitazama rafu ile. Nyumba ya siku moja ina haja gani na rafu? Nilimwuliza Nafula, akaangalia chini akasema, "Ni mapambo, Madam." Nje, Wandera alikuwa juu ya paa akisimika kile kijiti kinachochomoza kileleni. Kijiti hicho ni cha mwanamume mwenye nyumba. Kinakaa juu maadamu yeye yu hai, na akifa ndipo wanaume hupanda wakakitoa, ili kila apitaye ajue.

Jibu nililipata stoo. Nilikwenda kuchukua chumvi, na upande wa pili wa ukuta, jikoni, Mama Wandera na wenzake wawili walikuwa wakichambua maharagwe. Walizungumza Kisamia, wakijua Mpadhola hasikii. Lakini mimi nilishinda na watoto wa miaka saba kutwa, na watoto wa miaka saba hawakufundishi lugha ya adabu tu, wanakufundisha yote. Mmoja aliuliza kama Mzee Egesa anajua. "Anajua ni mchezo wa watoto," Mama Wandera akajibu. "Mwache ajue hivyo. Siku ile atamtangulia mwanawe na shoka, watu wote wakitazama. Usiku wake Wandera na mkewe watalala humo. Nani atawatoa? Serikali?" Mwingine akauliza juu ya darasa. "Wajenge kwingine. Mume wangu aligawa ardhi akiwa amesifiwa na wageni, sasa mwanangu hana pa kulala. Na kizuri zaidi, yule Madam ndiye anayezunguka kuwaita mashahidi." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilisimama kwenye giza la stoo na chumvi mkononi. Katika maisha yangu nimeibiwa mara nyingi, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwizi kunipa kazi ya kumshikia mlango.

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Emojong nikamweleza yote. Alikuwa akila karanga za kuchemsha, akaendelea kula. "Madam Athieno," akasema, "hiyo ni nyasi. Jumatatu tunabomoa." Nikamwambia asinidanganye, yeye ni mtu wa hapa, anajua kwamba baba akishamtangulia mwanawe hadharani hakuna mkono Sikuda nzima utakaogusa nyumba ile, si wake, si wangu, si wa polisi. Akamenya karanga nyingine. "Ukisimamisha sasa, wazazi wanaondoka wote. Wageni watakuta nini? Matofali?" Kisha akanisogezea karanga, nikaziacha. Alikuwa anamwogopa yule mwanamke, na mimi nilimdharau kwa hilo, nikatoka bila kumuaga. Watoto wangu walikuwa kibandani wakiimba jedwali la mbili kwa sauti za usingizi, mashati yamelowa migongoni. Hapo niliamua kwamba hatalala mtu kwenye uwanja wao.

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Egesa mwenyewe. Nilijua ni yeye tu mwenye neno. Mama Wandera alinipokea mlangoni kwa adabu iliyonitisha, akanikalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, akaniletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Nikasema nimekuja kumsalimu mzee. "Mzee analala," akasema. Nilimsikia mzee akikohoa na kusikiliza redio chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu. Nikasema nitangoja. Akaketi mbele yangu, magoti yakigusana na yangu, akanitazama nikila. "Madam," akasema polepole, "wewe bado msichana. Hujazaa. Siku moja utakuwa na kijana, atakuambia mama, mimi naweka mke wangu wapi? Ndio utajua." Nikamwambia watoto wangu mimi ni wale wa darasa la pili, na wao pia wananiuliza watakaa wapi. Alicheka kidogo. "Hao si wako. Hao mshahara yako." Akakichukua kikombe changu kikiwa na chai nusu, akanifungulia mlango. Hata leo nikinywa chai kwa watu huwa naimaliza haraka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa nzuri, jambo lililoniudhi. Spika tuliazima kwa wanafunzi wa chuo kule Busitema, wageni wa elimu walikaa chini ya turubai, watoto walikuwa wamepakwa chokaa mashavuni. Wateso walifungua kwa ngoma baada ya kugombana asubuhi nzima, akina mama wakasaga mtama, babu mmoja akaonyesha mitego ya panya na hakutaka kuacha. Kila onyesho lilipoisha watoto walipiga makofi. Maiki nilishika mimi, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwaeleza watoto wanachokiona. Kisha kutoka upande wa barabara wakaja: Mzee Egesa mbele katika koti lake la kanisani, shoka begani, akitembea kwa fahari, Wandera nyuma yake na jogoo mwekundu, Nafula nyuma kabisa na kigae cha makaa, moshi ukimwingia machoni. Umati ukasogea mbele. Hata watu waliokuja kwa ajili ya chakula tu walisogea. Mama Wandera alisimama kando ya mlango wa nyumba, leso mpya, mikono imeshikana mbele, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayetazama maonyesho.

Jikoni Mama Wandera alisema mzee hajui, lakini sikujua kama kufikia siku ile alikuwa ameshaingizwa katika njama. Kama yumo, basi uwanja umekwenda mbele ya mashahidi niliowaalika mwenyewe. Lakini akishavuka kizingiti, kujua kusingekuwa na maana. Nikatembea na maiki mpaka mbele yake, nikamkatia njia, kitu ambacho msichana hamfanyii mzee. "Mzee wetu," nikasema, na spika ikalirusha neno hilo hadi sokoni, "kabla hujaingia, waeleze watoto. Nyumba hii ni ya nani?" Akatabasamu. Alikuwa amengoja aulizwe kitu siku nzima. "Hii? Hii iko ya watoto," akasema. "Hapa yote mimi nilitoa. Hapa ni darasa yao." Wageni wakapiga makofi. Nami nikageuka, maiki mkononi, nikamtazama Mama Wandera, nikamwacha asikie makofi yale.

Hakuweza kuvumilia. "Ni ya Wandera!" alipiga kelele. "Umebeba shoka, yeye amebeba jogoo, watu wameona! Huwezi kurudisha! Kijana yako atalala wapi, mzee? Kwa mgongo yangu?" Sikuhitaji kuielekeza maiki kwake, sauti yake ilitosha. Mzee Egesa alisimama. Alimtazama mkewe, akaitazama nyumba, sakafu inayong'aa, rafu ya vyungu inayoonekana mlangoni, akainua macho hadi kwenye kijiti cha kileleni. Nilimwona akielewa. Mtu aliyekuwa akisifiwa dakika ile ile kwa neno lake alielewa kwamba walimvalisha koti la kanisani ili avunje neno hilo. Akamgeukia mwanawe, akamwuliza kwa Kisamia, "Ulijua?" Wandera akamkaza jogoo kifuani. Jogoo alikuwa akipigapiga mabawa mikononi mwake. "Ulijua," mzee akasema tena, na safari hii hakuwa anauliza. Kisha akanyoosha shoka juu. "Panda. Kitoe."

Mama Wandera alipiga ukelele. "Usipande! Wandera, usipande!" Mwalimu mkuu alikuja mbio akisema mzee, mzee, tafadhali, wageni. Mzee hakumwona. Wandera alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, na uso wake, ambao mwaka mzima sikuwahi kuuona ukibadilika, ulijaa aibu kama wa mtoto aliyejikojolea darasani. Akampa Nafula jogoo. Akapanda kwa kukanyaga fito za ukuta alizozifunga mwenyewe, akakishika kijiti, kikagoma, akakizungusha, kikatoka. Mtu hai alikitoa kijiti cha nyumba yake kwa mkono wake, baba yake akiwa chini anaamuru. Wanawake wazee waliokuwa jikoni wakaweka mikono vichwani, wakaanza kulia kwa sauti ile ya kulilia maiti, maana hakuna sauti nyingine ya jambo lile. Wandera alishuka, akakiweka kijiti miguuni pa baba yake, akapita katikati ya watu mpaka barabarani, akashika njia ya mpakani. Nafula akamkimbilia, jogoo bado kwapani. Wakavuka upande wa Kenya, na Sikuda haijawaona tena.

Na watoto, ambao tangu asubuhi kila onyesho lilipoisha walipiga makofi, wakapiga makofi. Darasa langu la pili lilipiga kuliko wote. Niliwaashiria waache, wakadhani nawaambia waongeze.

Katikati ya makofi hayo Mama Wandera alinijia. Leso ilikuwa imemfunguka, hakuifunga. Alisogea mpaka nikasikia pumzi yake, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane aliongea chini. "Umepata darasa yako," akasema. "Sasa niambie, Madam, wewe umesoma. Kuanzia leo mimi ni mama ya nani?" Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima, ya mchuzi wa maji na viatu vya harusi na kikombe kilichonyang'anywa, na nilikuwa nimeshinda, na kushinda kulikuwa kutamu. Nikazima maiki ili anisikie yeye peke yake.

"Mama Wandera," nikamwambia, "watoto wana njaa. Pakua."

Alikwenda akapakua. Alimpa kila mtoto sahani yake, na mimi wa mwisho, na katika sahani yangu aliweka samaki mzima, mkubwa kuliko wa wageni, akaondoka bila kunitazama. Tuliishi kijiji kimoja mpaka nilipohamishwa, darasa likajengwa, likajaa, na hatukuambiana neno lingine mpaka siku aliyokufa.